Dagaa wamelowa, kibarua hakuwepo. Nimkate?

MamaWaIgombe

Habari za jioni ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie akili maana yangu imechemka tangu Alhamisi.

Mimi niko Igombe, huku Mwanza, kazi yangu dagaa. Asubuhi mitumbwi ikiingia nanunua wabichi, naosha, naanika, jioni nafunga. Nikifikisha magunia matatu au manne napakia gari hadi soko la Mwaloni pale Kirumba, huko wapo wanunuzi wa kila aina, hadi wa Kongo. Huu mwaka wa tisa. Watoto wawili wamesoma kwa dagaa hao hao, kwa hiyo sijaanza jana.

Alhamisi ilikuwa mwisho mwisho wa giza. Kwa wasiokaa ziwani: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka usiku mweusi. Mwezi ukishakuwa mkubwa wavuvi wanapandisha mitumbwi, wanalala. Ndiyo maana siku za mwisho za giza kila mtu ananunua kama vile ziwa linahama. Nami nikanunua ndoo 14 kwa 16,000 kila ndoo. Jumla 224,000, na humo ndani 150,000 ni ya kikoba, marejesho kila Ijumaa, hawataki kusikia habari ya mawingu.

Ninaye kijana wa kazi. Ana kama miaka 22, mtu wa Sengerema. Namlipa 8,000 kwa siku, na chai ya asubuhi juu yangu. Kazi yake ni kutandaza, kugeuza, kufukuza kunguru na yangeyange na mbuzi wa majirani, na hali ya hewa ikibadilika akusanye.

Saa tano nikapanda gari kwenda Mwaloni kumfuatilia mteja mmoja aliyekuwa na hela yangu. Saa saba na nusu nikiwa palepale nikaona wingu linatoka upande wa Ukerewe, jeusi chini, juu limefura kama ugali unaotaka kumwagika. Napiga simu ya kijana, haipatikani. Napiga kwa jirani, ananijibu, "Mama fulani, huku kwako hakuna mtu, mimi mwenyewe nakusanya za kwangu." Nilivyofika hakuna cha kuokoa. Waliokuwa upande wa mteremko walishasombwa na maji wakarudi walikotoka.

Dagaa akilowa katikati ya kukauka ameharibika. Anageuka njano, kichwa kinakatika, ananuka uchachu. Mtu wa kula huwezi kumpa. Nikauza kwa wa chakula cha kuku, kilo 60 kwa 1,200, nikapata 72,000. Kwa hiyo hasara ni 152,000, na hapo sijagusa faida wala nauli.

Kijana kaibuka saa kumi. Alikuwa wapi? Anapakia magunia kwenye fuso la watu, kapewa 3,000. Elfu tatu! Na samahani hakusema, kasema tu, "Mama, wakati natoka mvua haikuwa na dalili."

Sasa naulizeni. Nimkate 2,000 kila siku mpaka itimie 152,000? Nimepiga hesabu, ni siku 76. Au nimfukuze tu? Shoga yangu anasema twende kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, aandikishiwe deni mbele ya watu. Mume wangu kasema "fanya unavyoona", yaani hana msaada wowote.

TajiriMtarajiwa

Fukuza. Vijana wa siku hizi wanataka mshahara, kazi hawataki. Nilikuwa naye mmoja dukani, nikitoka mlango wa mbele na yeye anatoka wa nyuma. Kabla hajaondoka, mkate yote kwa mkupuo, akili itamrudia njiani.

Deiwaka_Buhongwa

Kwa mkupuo kutoka wapi, mkuu? Mtu wa 8,000 kwa siku ana mkupuo gani?

Mama pole sana. Mimi ni deiwaka kwenye daladala, leo nina gari kesho sina. Nikipewa gari, hesabu ya tajiri mwenye gari ni ileile, kukiwa na abiria, kusiwe na abiria. Pancha yangu, foleni yangu, trafiki wangu. Sikulalamikii wewe, nakueleza tu nalitazama jambo hili nikiwa nimekaa kiti gani.

Nina swali moja. Dagaa wakikutana na bei nzuri pale Mwaloni, huyo kijana siku hiyo unampa ngapi? Kama ni 8,000 ileile, hasara mnagawana vipi na mtu ambaye faida hamgawani?

MamaWaIgombe

Mwanangu Deiwaka, hilo nalijua lakini geuza upande wa pili. Bei ikianguka, na inaanguka sana, yeye anapata 8,000 yake. Hata nikiuza kwa hasara sijawahi kumwambia leo tule hewa. Hiyo 8,000 ni ya kukaa pale. Sikumlipa akauze dagaa, nilimlipa AKAE. Hakukaa.

Karabai

Hapo kwenye "akae" mama umesema kweli. Mimi ni mvuvi, dagaa hao hao unaonunua asubuhi tumewakeshea sisi.

Ngoja niwaambie kwetu mambo yalivyo. Mtumbwi wetu tuko wanne. Tukiuza, kwanza yanatolewa mafuta ya injini na gharama za usiku, kinachobaki tajiri nusu, nusu yetu tunagawana. Tukirudi mikono mitupu, mafuta hayasamehewi, yanaandikwa yanasubiri usiku wa kesho. Kwa hiyo mvuvi anaweza akakesha, akapigwa na wimbi, na asubuhi akawa anadaiwa. Tumezoea. Hatupigi kelele kwa sababu na siku ya neema tunaiona wote.

Ila taa ni habari nyingine. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alisinzia, boya la taa likafunguka, taa na betri yake vikaenda na maji. Asubuhi tajiri anauliza ni nani. Wanne wote kimya. Tajiri wetu ni mtu mzima, hakuuliza mara ya pili. Alikata kwa wote wanne, sawasawa. Nilikasirika wiki nzima, mimi nilikuwa kwenye makasia, nimesinzia saa ngapi? Baadaye nikakumbuka ile kamba ya boya tuliiona imechakaa siku mbili kabla, na kila mmoja wetu alisema "kesho tutabadilisha". Aliyesinzia alisinzia kweli. Lakini kamba mpya ingemvumilia.

Sasa nikuulize kwa heshima. Huu ni mwezi wa nne. Wewe mwaka wa tisa. Turubai lako lilikuwa wapi?

BintiNansio

Karabai umeniwahi, nilitaka kuuliza hilohilo. Maana kijana awepo asiwepo, ndoo 14 zikiwa zimetandazwa mchangani, mtu mmoja hakusanyi zote kabla ya mvua. Nimeanika Ukerewe miaka mingi, wingu la ziwani ukiliona una dakika kumi, kumi na tano. Dakika hizo unavuta turubai, unaweka mawe pembeni, basi. Ukianza kuzoa kwa beseni umechelewa.

Halafu dada, bado unaanika chini? Chanja vipi, zile za miti na wavu juu? Za chanja hazina mchanga, na Mwaloni wenyewe ukishika kiganjani tu mnunuzi anajua, bei inapanda. Mvua ikija unakunja chandarua na dagaa wake ndani.

Kuhusu malipo, mimi silipi kwa siku, nalipa kwa ndoo iliyokauka. Kikikauka umelipwa, kisipokauka tumelia wote. Nilidhani nimepata dawa. Ila niseme kweli, masika yakianza wale kinamama wananikimbia, wanaenda kuparua samaki kwa wanaolipa papo kwa papo. Nisiwalaumu, watoto wao hawali mvua.

Na wewe unamlipa kila jioni au unalimbikiza?

TajiriMtarajiwa

Mnamtetea mzembe mpaka atajiona yeye ndiye aliyedhulumiwa. Kama yeye alikuwa na shida si angeomba ruhusa?

MamaWaIgombe

Jamani. Turubai nilikuwa nalo. Kubwa, la bluu, nililinunua Makoroboi kwa hela yangu.

Jumanne jirani yetu alifiwa na baba yake mkubwa. Walikuja jioni watu watatu, wakakaa, hawakusema walichokuja kutaka mpaka nilipowaambia mimi, "Chukueni, lipo nyuma ya choo." Ungekataa wewe? Mtu anayenyima turubai la msiba huku kwetu, siku yake watamfunika na matawi. Na turubai la msiba huwezi kulifuata kabla hawajaanua tanga. Nilijua Alhamisi sitakuwa nalo. Nikasema jua limewaka siku tatu mfululizo, na la nne litawaka.

Lakini hiyo haifuti kwamba kijana aliondoka. Jirani yangu aliyekusanya za kwake naye hakuwa na turubai, ila alikuwepo, na aliokoa zaidi ya nusu. Kwa hiyo msinibebeshe lote.

Swali la BintiNansio nitalijibu. Sasa hivi kuna mtu mlangoni.

MzeeWaFileti

Marahaba mama, na poleni wote mliofiwa.

Mimi nimestaafu. Nimefanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza miaka kumi na sita, mitano ya mwisho nikiwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kiwanda sikitaji. Siku moja usiku mlango wa chumba cha baridi uliachwa wazi, asubuhi minofu imelainika, mzigo wa kusafirisha nje haufai tena. Meneja akataka akate mshahara wote wa kijana wa zamu, mwezi mzima, na unaofuata. Yule kijana alikuja kwangu analia kama mtoto, na kosa lilikuwa lake kweli, alikwenda kuvuta sigara.

Nikaenda kwa meneja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28. Hakisemi mfanyakazi hakatwi. Kinasema ukitaka kumkata kwa sababu ya hasara, lazima awe amekubali kwa maandishi, na hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Tena wewe mwenye mali uwe umemwandikia chanzo cha hasara, kiasi chake na ulivyokihesabu. Yeye apewe nafasi ya kupinga. Usimdai zaidi ya ulichopoteza. Na makato yote yasizidi robo ya ujira wake.

Elfu mbili katika elfu nane ni robo kamili. Umegonga palepale bila kusoma sheria, nimecheka peke yangu hapa.

Najua utasema huyu ni kibarua wa ufukweni, mkataba wake ni mdomo. Sawa. Sikwambii umpeleke Tume ya Usuluhishi kwa ajili ya ndoo 14. Nakwambia jambo dogo tu: chukua daftari uandike chanzo cha hasara, kama vile kijana atasomewa na atajibu. Yule meneja wetu alipoandika, alifika mahali pa kueleza kengele ya mlango ilikuwa mbovu tangu lini, na ni nani aliyepelekewa taarifa. Kalamu ikapunguza mwendo. Kijana alikatwa, ndiyo, ila kwa kiasi alichoweza kukisimamia yeye.

Deiwaka_Buhongwa

Mzee wangu hiyo ya kengele nitaitumia kwa tajiri wangu, breki nimemwambia mara tatu.

MamaWaIgombe

Nimerudi, siku zimepita kama tisa, samahanini. Mwezi sasa ni mkubwa, mitumbwi imelala, hakuna dagaa.

Nilichukua daftari kweli, la kikoba, nikafungua nyuma. Nikaandika: "Kijana aliondoka kazini saa sita bila kuaga." Hiyo ilitoka vizuri. Nikaandika: "Turubai halikuwepo." Nikaongeza, "kwa sababu ya msiba". Nikaandika: "Ndoo 14, mtu mmoja." Kawaida tunaanika nane, tisa. Sikuandika ya nne, ila nitawaandikia nyinyi maana BintiNansio aliuliza na mimi nikajifanya nina mgeni.

Nilikuwa simlipi kila jioni. Giza likikaribia kuisha hela yote naizungusha kwenye kununua, namwambia "tutahesabu mwezi ukitoka". Siku ile alikuwa ananidai siku nne, 32,000. Na ile chai niliyojisifia, Alhamisi niliondoka nyumbani sijawasha jiko, nilikuwa nawahi mitumbwi.

Nilimwita tukakaa kwenye gogo pale, si kwa mwenyekiti. Nikamsomea. Alisikiliza anachora chini na kijiti. Nilipofika kwenye kuaga akasema, "Hilo ni langu." Hakusema zaidi. Nikamuuliza kwa nini hukunipigia. Simu haikuwa na chaji. Kwa nini hukumwambia jirani akuangalizie? Akanyamaza, kisha akasema aliona aibu kumwambia mtu mzima kwamba anakwenda kutafuta hela ya kula na huku ana kazi. Nikaishiwa swali.

Mimi nilitegemea tutabishana kwenye 152,000. Yeye akaanza na hesabu ya ndoo: angekuwepo, bila turubai, angeokoa ngapi? Jirani aliokoa zaidi ya nusu ya ndoo sita. Kwa mtu mmoja tukakubaliana ndoo nne, tukizidisha sana. Ndoo nne kwa 16,000 ni 64,000. Tukatoa sehemu yake ya hela ya kuku. Ikabaki kama 43,000, nikasema 40,000, akasema sawa. TajiriMtarajiwa usiniandikie kitu, najua.

32,000 yake nilimpa yote siku hiyohiyo, nilikopa kwa shoga yangu yule wa mwenyekiti, akanikopesha huku ananisema. Makato hatujaanza. Yeye kasema siku hizi za mwezi hana kazi, afadhali ajenge chanja, siku tano kwa 8,000 ndiyo 40,000 yenyewe. Miti nimenunua mimi, nyavu kuukuu tumepewa na akina Karabai wa huku kwetu. Mpaka leo amesimamisha chanja mbili, ya tatu inaegemea upande kidogo ila inashika. Kikoba nimewaomba wiki mbili, wamenipiga faini ya 5,000 na maneno mengi.

Turubai limerudishwa jana. Limekunjwa vizuri, na shukrani nyingi, na sahani ya wali juu. Nimelikunjua leo asubuhi, katikati lina matundu mawili ya moto, moja kubwa la kupitisha mkono, inaonekana jiko la chai lilisogezwa chini yake usiku. Hilo naombeni msinishauri.